Trepie ya dola 18

Usiku ule Kasenga, nkambo alikuwa amefika mahali ambapo Kalulu anampa tembo ncha moja ya kamba, kisha anakwenda mtoni kumpa kiboko ncha ya pili. Watoto wa jirani walikuwa kimya ji. Nkambo alinyoosha mikono yote miwili mbele, akakunja ngumi, akavuta kuelekea kifuani, na mdomo wake ukatoa neno moja fupi, lile ambalo katika Kibemba si kitenzi wala si jina, bali ni kamba yenyewe ikikaza. Wakati huohuo kamera yangu iliinama. Haikuanguka. Iliinama polepole, kama mzee anayesinzia kanisani, mpaka kwenye kioo sikuona tena uso wala mikono ya nkambo, ila pindo la kitenge chake na vidole vya miguu.

"Mashini yako inasinzia, mujukuu," alisema. Watoto wakacheka, naye akacheka, na hadithi ikaishia pale. Nilipomwomba arudie kuanzia kwenye kamba, alikataa. Hadithi, alisema, si ndoo ya maji ambayo mtu anairudisha kisimani kwa sababu imemwagika kidogo.

Naandika habari hii kwa ajili ya wenzangu wa fakulte ambao mwaka huu au ujao watakwenda kurekodi kwa ajili ya kazi ya mwisho wa masomo. Wengi wetu tunajua kuchagua mada, kuchagua lugha na kuchagua mkurugenzi. Hakuna anayetufundisha kuchagua miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Mimi nilijifunza kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa ya pesa tu.

Mada yangu ilikuwa ideofoni katika hadithi za usiku. Sote tumesoma kwamba Clement Doke aliipa ideofoni nafasi yake katika sarufi ya lugha za Kibantu mwaka 1935, na sote tunazitumia bila kufikiri: nyeupe pe, nyeusi ti, kimya ji. Mbemba naye anasema kitu ni cheupe tuu. Lakini anayezisikia kwa msimulizi anajua kwamba neno hilo haliji peke yake. Linakuja na mkono, na bega, na jicho. Ukiandika sauti bila mkono, umeandika nusu. Mkurugenzi wa kazi yangu alinionya mapema: "Usiniletee sauti peke yake. Niletee na mikono." Ndiyo maana nilitafuta kamera. Kinasa sauti nilikuwa nacho tayari kwenye simu.

Kamera niliipata kwa mpiga picha wa arusi aliyekuwa anabadilisha vyombo vyake: Canon EOS 1200D, na lenzi yake ndogo ya milimita 18 hadi 55. Vyote pamoja havifiki hata gramu 700. Nilidhani kitu chepesi kama hicho kitasimama juu ya chochote.

Kulikuwa na shida ya pili ambayo sikuifikiria nikiwa Lubumbashi. Nkambo hasimulii mchana. Kwake, na kwa wazee wengi tunaowajua, hadithi ni za usiku, baada ya kula, moto ukiwaka. Mtu anayetaka picha anapenda jua, lakini mtu anayetaka hadithi anapewa giza. Nilikuwa na taa mbili za sola na mwanga wa moto. Katika mwanga kama huo kamera haitaki kushikwa mkononi. Kwa picha ya kawaida, mafundi wana kanuni rahisi: lenzi ikiwa ya milimita 50, usishike mkononi chini ya sehemu 1 ya 50 ya sekunde, la sivyo picha itafifia kwa mtetemo wa mikono. Kwa filamu ya hadithi ya dakika 20, hata kijana mwenye nguvu hawezi kuinua kamera muda wote huo bila mikono kuanza kucheza. Na huwezi kumwambia nkambo apumzike kila mara unapotaka kupumzika wewe.

Kwa hiyo trepie. Neno hili tunaliita hivyo hapa kwetu, kutoka Kifaransa; huko Dar es Salaam na Nairobi watu husema tripodi au stendi. Nkambo alipoiona mara ya kwanza aliizunguka, akaigusa mguu mmoja, akasema kwamba nimeleta mafiga yenye miguu mirefu. Nilicheka, lakini baadaye niliona kwamba alikuwa amesema jambo lenye maana kuliko maneno yote yaliyoandikwa kwenye boksi. Kwa nini mafiga ni matatu? Kwa sababu mawe matatu hayatikisiki hata kama ardhi si sawa. Meza ya miguu minne ikiwekwa uani itacheza mpaka uweke kipande cha karatasi chini ya mguu mmoja. Vitu vitatu siku zote vinapata kukaa. Wahenga wamesema figa moja haliinjiki chungu. Mimi nilikuwa na matatu, lakini yalikuwa laini.

Hii ndiyo habari ya ununuzi wenyewe. Nilikwenda sokoni nikiwa na dola 20, na nilikuwa na haraka kwa sababu gari la Kasenga lilikuwa linaondoka siku ya pili. Muuzaji alikuwa kijana kama mimi.

"Hii iko nguvu, yaya. Soma mwenyewe: kilo tatu."

Nikasoma. Kweli boksi lilisema inabeba kilo 3 na inafika urefu wa mita 1 na nusu. Kamera yangu haifiki kilo 1. Hesabu ilionekana nzuri. Tukashuka mpaka dola 18, nikalipa, nikaondoka nikijiona mwerevu kwa sababu ya zile dola 2.

Sikuuliza maswali mawili. La kwanza: kilo 3 zinabebwa na nini? Miguu inaweza kubeba kilo 3 bila kuvunjika, lakini kichwa, yaani kile kipande cha juu kinachoinama na kugeuka, hakiwezi kushika hata nusu kilo ikiwa kamera imetazama chini kidogo. Na kumpiga filamu mtu aliyekaa kwenye kigoda ni lazima kamera itazame chini kidogo. Kichwa cha trepie yangu kilikuwa cha plastiki tupu. Plastiki hiyo inakaza unapokaza, kisha joto na uzito vinaifanya iachie, milimita kwa milimita. Hiyo ndiyo iliyoinama mbele ya tembo na kiboko.

Swali la pili: ule urefu wa mita 1 na nusu unapatikanaje? Ulipatikana kwa kuinua bomba la katikati mpaka mwisho. Bomba hilo likipandishwa, kamera haikai tena juu ya miguu mitatu. Inakaa juu ya fimbo moja iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu. Mtoto akipita mbio, fimbo inacheza. Na mimi nilikuwa nimelipandisha lote, kwa sababu nililipia mita 1 na nusu na nilitaka kuziona.

Niliporudi Lubumbashi, yaya wangu aliniuliza kama kazi imeisha. Nilimwonyesha filamu. Aliangalia vidole vya miguu vya nkambo kwa muda, akasema: "Sasa utafanya namna gani?" Yaya anauza samaki, na mwezi ule ilikuwa zamu yake katika likelemba. Alinipa dola 30. Nyingine 20 nilizitoa kwenye pesa nilizoweka kwa ajili ya kupigisha chapa na kubindisha kazi. Nilijua kwamba nikikosea mara ya pili sitakuwa na trepie wala kazi iliyobindishwa, na yaya hatakuwa na pesa za samaki. Kwa hiyo safari hii sikwenda sokoni na haraka. Nilikwenda na kamera.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowashauri: usinunue trepie bila kamera yako kuwapo. Kwa wiki mbili nilizunguka maduka ya katikati ya mji, soko la Kenya, na mafundi wa arusi wa Kamalondo. Muuzaji asiyekubali niweke kamera juu ya bidhaa yake na kungoja dakika 5, nilimwaga kwa adabu.

Dakika hizo 5 nilizitumia hivi. Nilifungua miguu yote bila kupandisha bomba la katikati. Nilifunga kamera, nikaiinamisha kama ningempiga mtu aliyekaa, nikavuta lenzi mpaka milimita 50, nikaweka katikati ya kioo alama fulani ukutani: msumari, au herufi kwenye tangazo. Kisha nikakaza, nikaachia mkono, na kuzungumza na muuzaji habari nyingine. Baada ya dakika 5 nilitazama. Alama ikiwa imepanda kwenye kioo, maana yake kamera imeshuka. Trepie nne kati ya sita nilizojaribu zilishindwa hapo, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimeandikwa kilo 5.

Kisha niligonga mguu mmoja kwa kidole na kutazama kioo: picha inatetemeka kwa muda gani kabla ya kutulia? Iliyo nzuri hutulia mara moja. Ile ya dola 18, nilipoipima nyumbani, ilikuwa bado inatetemeka nikiwa nimehesabu mpaka 4. Mwisho niliweka kiganja juu ya kichwa na kukizungusha kidogo kushoto na kulia, kama mtu anayejaribu kifuniko cha chupa. Kikicheza kikiwa tupu, kitacheza zaidi kikiwa na mzigo.

Katika kuzunguka huko nilijifunza na mambo mengine. Miguu ya trepie ni mabomba yanayoingia ndani ya mengine, na kila kipande cha chini ni chembamba kuliko cha juu yake. Miguu yenye vipande vinne au vitano hujikunja ikawa mifupi, inaingia kwenye mfuko wa mgongoni, na mtu wa kupanda pikipiki ataipenda. Lakini kipande cha mwisho ni chembamba kama kalamu. Vipande vitatu vinabaki virefu hata vikikunjwa, vinasumbua kwenye gari, ila vinasimama imara zaidi kwa bei ileile. Mwenye pesa kidogo hawezi kupata vyote vitatu: wepesi, uimara na bei ndogo. Achague viwili. Miguu ya nyuzi za kaboni inamaliza ugomvi huo, lakini bei yake kwa mwanafunzi ni kama bei ya nyumba. Mimi nilichagua uimara na bei, nikakubali uzito.

Urefu pia niliupima upya. Nkambo anakaa kwenye kigoda. Macho yake yakiwa pale, hayafiki mita 1 kutoka chini. Sikuhitaji kabisa mita 1 na nusu. Nilihitaji mita 1 iliyo imara. Anayekwenda kurekodi mahubiri, mchezo wa kuigiza au mkutano wa watu waliosimama atahitaji zaidi. Kazi ndiyo inayosema urefu, siyo boksi.

Kuhusu vichwa, kuna vya mpira, vinavyolegezwa kwa skurubu moja na kugeuka kila upande, na kuna vyenye mikono, ambavyo kila mwelekeo una kikazo chake. Kichwa cha mpira ni chepesi na cha haraka kwa picha. Lakini kwangu, nilipotaka kusogeza kamera kidogo kulia tu, mpira ulilegea wote na picha ikalala upande. Chenye mikono kinakuruhusu kugeuza kulia bila kuharibu usawa. Kwa msimulizi anayesogea kigodani, hicho ndicho kinachofaa.

Trepie niliyoichukua haikuwa mpya. Nilipewa na yule fundi wa arusi wa Kamalondo kwa dola 42: ya alumini, vipande vitatu, kichwa chenye mikono, karibu kilo 3, rangi imetoka, mpira wa mguu mmoja umekwisha. Ilipita mtihani wa dakika 5 bila alama kusogea hata kidogo. Ilikuwa na kasoro moja: kile kibati kidogo kinachofungwa chini ya kamera na kuingia kwenye kichwa kilikuwa kimepotea. Bila kibati hicho trepie nzima ni fimbo tatu tu. Fundi aliniambia ukweli huo kabla sijalipa, na ndiyo sababu bei ilishuka.

Nilikwenda kwa mchongaji wa vyuma. Alipima kichwa, akakata kipande cha alumini, akakipiga tupa mpaka kikaingia vizuri. Akatoboa tundu katikati, akatafuta boliti kwenye kopo lake. "Ya sita," alisema, yaani M6. Iliingia chini ya kamera yangu mzunguko mmoja na nusu, kisha ikagoma. Alitaka kukaza kwa spana. Nilimshika mkono.

Wanafunzi wa tafsiri wataelewa haraka nikisema kwamba boliti ya M6 ni rafiki wa uongo. Inafanana na ile inayotakiwa, inaingia mwanzoni, inakupa moyo, kisha inaharibu maana yote. Skurubu ya kamera ni ya robo inchi, yaani milimita 6.35, na ina meno 20 katika kila inchi. M6 ni milimita 6, na meno yake yamepishana milimita 1. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini ukiilazimisha, inakula meno ya ndani ya kamera, na tundu hilo halina dawa rahisi. Kipimo hicho cha inchi kimebaki kwenye kamera za Wajapani, Wajerumani na Wachina sawasawa, hata katika nchi ambazo kwa kawaida hazipimi vitu kwa inchi. Ni kama neno la kale ambalo lugha zote zimekubali kulitunza. Skurubu ya kweli niliipata kwa fundi yuleyule wa arusi, kwenye mfuko wa ngozi wa kamera ya zamani. Mifuko ile ilikuwa inafungwa chini ya kamera kwa skurubu hiyohiyo. Hakuniomba pesa. Mchongaji nilimlipa dola 3.

Nilirudi Kasenga mwezi wa 9, trepie imefungwa juu ya gari pamoja na magunia, zaidi ya kilomita 200 za vumbi. Nilipofika nilifuta miguu kwa kitambaa kikavu kabla ya kuikunjua, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye vikazo unavisaga. Usiku nilifungua vipande vya juu tu, vile vinene. Bomba la katikati sikuligusa. Chini yake nilining'iniza mfuko wa mihogo mikavu uliokaribia kugusa ardhi, ili uzito uvute chini bila kupembea. Nilizima kile kitulizi cha lenzi, maana kamera ikiwa imetulia hakina kazi ila kula betri. Kisha niliketi pembeni, nikaacha kutazama kioo. Hilo lilinishangaza mwenyewe: kwa mara ya kwanza nilikuwa nasikiliza.

Nkambo alisimulia hadithi tisa kwa usiku tatu. Usiku wa mwisho, bila kuombwa, alirudi kwa Kalulu na kamba. Kamera haikuinama. Lakini katika miezi hiyo alikuwa ameteleza mtoni, na bega lake la kushoto lilikuwa halipandi tena. Safari hii kamba aliivuta kwa mkono mmoja, na badala ya mkono wa pili aliutupa mwili wote nyuma, mpaka kigoda kikalia. Neno lilikuwa lilelile, ila alilivuta kwa urefu zaidi. Ni filamu nzuri. Mkurugenzi aliitazama mara tatu, akasema sura nzima ya kazi yangu imo humo.

Ni nzuri, ila si ile ya kwanza. Msimulizi hasimulii hadithi moja mara mbili. Hilo tumelisoma wote, lakini mimi nimelilipia. Mikono miwili ya nkambo ikivuta kamba mbele ya moto ipo kichwani mwangu, na kwa watoto wale wa jirani kama bado wanakumbuka. Katika kazi yangu, mbele ya mstari wa rekodi ya kwanza, nimeandika maneno mawili: mikono haionekani.

Kama huna hata dola 40, usikate tamaa na usinunue kichwa cha plastiki. Weka mfuko mdogo wa maharagwe juu ya kinu kilichopinduliwa au juu ya magunia, na kamera au simu uilaze humo. Itakaa imara kuliko trepie yangu ya kwanza, ingawa hutaweza kuigeuza. Ile ya dola 18 bado ninayo, inashika taa ya sola, na kwa taa inatosha.

Ile ya Kamalondo iko chini ya kitanda changu, na kibati chake kimefungwa kwa kamba kwenye mguu mmoja ili kisipotee mara ya pili. Yaya nimeshamrudishia dola 20, bado 10. Mwanafunzi yeyote wa fakulte anayekwenda kwa wazee wake aje kuiomba. Ataiazima bure, kwa sharti moja: aje na kamera yake, tuifunge pamoja, tungoje dakika 5.